Mdomo wa Konsolata

Vijana wa karakana, tangu siku mliponikatia keki mkaniambia Bibi sasa pumzika, hamjaniacha nipumzike. Andika, Bibi, andika, tusibaki na brashi zako bila maneno yako. Haya, naandika. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nukta imekosekana iwekeni wenyewe, mikono mnayo. Nadia mjukuu wangu ameahidi kupiga chapa bila kunirekebisha. Nimemwambia akinipamba nitajua, maana kupambwa ndicho kitu watu walichoniomba maisha yangu yote.

Sitaandika nilipata nini, wala mkubwa gani alikuja kukaa kwenye stuli yangu. Mkubwa akikaa kwenye stuli, shingo yake inachoka kama ya mtu mwingine. Nitaandika nilivyoanza, nitaandika vifaa, kisha nitaandika kosa moja. Kama hamna muda, rukeni mpaka kwenye kosa.

Nilianzia kwa Mzee Sefu mchoraji, hapa hapa Rwezamenyo, Kigali, kibanda kilichobanwa na mafundi cherehani wawili, mmoja kila upande, hata ukichora ulikuwa unatetemeka na mashine zao. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akienda haendi karibu. Mimi nilikuwa na Zaituni mgongoni na mikono miwili isiyo na kazi. Nikamwomba Mzee Sefu nimfagilie. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akasema, "Kufagia nafagia mwenyewe. Unaweza kuchora sikio?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Miezi sita, watoto wangu, nilichora masikio. Wakati ule kila saluni ilikuwa na ubao wenye vichwa vya wanaume, na kila kichwa kina masikio mawili, hesabuni wenyewe. Mzee Sefu alichora uso, mimi nilichora masikio. Alisema watu wote wanatazama macho na hakuna anayetazama sikio, kwa hiyo anayeweza kulitazama sikio ataweza kutazama kitu chochote. Ninyi siku hizi mnaanzia kwenye roho ya mtu. Sisi tulianzia kwenye sikio.

Mama mkwe aliposikia nachora nyuso aliweka mikono kichwani. "Hadija, siku ya kiyama utaambiwa uzipulizie roho hizo nyuso zako, utapuliza na nini?" Nikamjibu, "Mama, nyingi hata shingo hazina, roho itaingilia wapi?" Nilijiona mjanja sana. Alikufa hajalicheka jibu langu hata kidogo, na neno lake nimelikumbuka mara nyingi kuliko yeye angedhani.

Vifaa. Turubai hatukuwa nayo. Tulichukua magunia ya unga, tukayafua, tukayavuta kwenye mbao, tukayapaka gundi na chokaa nyeupe mpaka yakalia kama ngoma ukiyagonga. Brashi nyembamba tulitengeneza kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Lenzi ilikuwa ya fundi saa. Na kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa kioo cha miraba: kipande cha kioo cha dirisha, Mzee Sefu amekichora mistari myembamba ya kwenda chini na ya kwenda kando. Mteja akileta picha, unailaza chini ya kioo, unahesabu miraba, kisha unachora miraba hiyo hiyo, mikubwa, kwenye gunia. Jicho liko mraba wa tatu, unaliweka mraba wa tatu. Basi. Unatoka na mtu mkubwa kama dirisha kutoka kwenye picha kubwa kama kiberiti.

Na sheria yake ilikuwa moja: picha ya mtu haiguswi. Wala kalamu, wala kidole chenye jasho. "Kioo kinagusa picha, wewe unagusa kioo," alisema. "Gunia likiharibika tutafua lingine. Picha ya watu tutaifua wapi?"

Alisema pia kwamba mchoraji ni shahidi, na shahidi haongezi. Hilo ndilo nililolishika zaidi, kwa sababu lilifanana na kiburi changu. Mzee alipofariki aliniachia kioo, lenzi, stuli na kibanda, na mimi nikawa Mama Zaituni anayechora watu, mwanamke asiyeongeza.

Nilikuwa mkali. Bibi harusi mmoja aliniambia, "Mama, nipunguzie pua." Nikamwambia, "Pua hii ni ya baba yako. Nikiipunguza nimemkata na yeye." Mwenye baa mmoja alikuja kuchukua picha yake, akaiangalia, akainamisha kichwa huku na huku. "Iko mzuri, ariko, lakini si mimi," akasema. "Huyu iko kaka yangu mkubwa, na mimi na yeye hatusalimiani." Nikamwambia, "Basi lawama peleka kwa mama yenu." Aliondoka nayo amenuna, na nilisikia aliitundika nyuma ya kaunta, akawa anawaambia wateja kwamba ndugu yake huyo hakopeshwi.

Miaka ile ya baada ya jenoside, yale mauaji ya kimbari, watu walileta picha za vitambulisho zilizokunjwa mara nne, nyingine zimeungua pembe. Nilichora nyingi. Hayo siyaandiki hapa, si yangu kuyasimulia, wenye picha wapo. Naandika moja tu, na hiyo ni ya mtoto aliyekufa kitandani kwa homa, ng'ambo ya mpaka.

Mama yake alikuja wakati wa mvua. Mwanamke mrefu, amejifunga kitenge cha Tanzania, viatu amevivua mlangoni ingawa kibanda changu kilikuwa kichafu kuliko barabara.

"Hodi. Ndiwe Mama Zaituni unayechora watu?"

"Ndimi. Karibu ukae. Hiyo stuli haichafui, rangi yake imekauka tangu mwaka jana."

Alikaa. Akafungua pindo la kitenge, fundo ndani ya fundo, akatoa picha. Jina lake Verediana, lakini Karagwe, alikozaliwa na kuolewa na kuzalia, walimwita Mama Konso, na mimi nimemwita hivyo mpaka leo. Konsolata alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa amebaki na mtoto mmoja, Feliksi, bado mdogo, na walikuwa ndiyo kwanza wamerudi Rwanda, nchi ya wazazi wake.

"Kaburi limebaki Karagwe," alisema. "Kapicha haka ndiko nimevuka nako. Sina kengine."

Ilikuwa picha ya shule. Msichana wa miaka kumi na sita hivi, jua limempiga usoni, amekunja paji, midomo imebanwa kama mtu anayezuia kikohozi.

"Hapa amebana mdomo," Mama Konso akasema. "Mpiga picha alimkataza kucheka. Lakini siyo yeye huyu. Konso alikuwa mchekaji, mama wee! Alikuwa na mwanya mpana wa meno, anauonea aibu, basi akicheka anafunika mdomo kwa mkono, hivi." Akaonyesha, kiganja kimelalia mdomo, vidole vimefika shavuni. "Yanabaki macho tu. Ukiyaona yale macho unacheka na wewe, hujui hata unacheka nini. Ungeweza kunichorea hivyo?"

Nilikuwa nimeshaichukua picha, nimeshaiangalia kwa lenzi, nahesabu. Nusu ya maneno yake nilisikia kwa sikio moja.

"Mama, mimi nachora kilichopo kwenye picha. Hapa mkono haupo."

"Najua. Mwenye kazi ni wewe." Akasimama. "Nimesema tu. Nitunzie."

Sasa kosa. Picha ile ilikuwa ndogo sana. Nilipoilaza chini ya kioo cha Mzee Sefu, uso mzima uliingia kwenye miraba miwili. Miraba miwili haikufai kitu, ni kama kupima nyumba kwa hatua mbili. Nilitakiwa kutafuta kioo kingine, au nailoni ngumu, nikachora miraba midogo kwa wino, kazi ya asubuhi moja. Mvua ilikuwa inanyesha, sikutaka kutoka. Nikajiambia mkono wangu ni mwepesi. Nikachukua penseli laini, nikapiga miraba juu ya picha yenyewe.

Ilifaa. Sitawadanganya, ilifaa sana. Nilichora paji la uso, nikachora nyusi, nikachora macho, na macho yalitoka vizuri mpaka fundi cherehani wa kushoto alisimamisha mashine akaja kutazama. Nikashuka kwenye pua. Nilipofika chini ya pua, mistari ya penseli ikawa inanichanganya na kivuli cha mdomo, sijui upi ni mstari, upi ni mdomo. Nikasema ngoja nifute kidogo. Nikafuta kwa raba, ikabaki alama. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikapangusa.

Picha za zamani, juu zina ngozi nyembamba. Ikilowa maji ya moto inalainika kama utandu wa maziwa. Niliinua kitambaa, na uso wa Konsolata ukainuka nao.

Nilikaa na kile kitambaa mkononi. Kwenye karatasi kulibaki kola ya shule, sikio moja, na weupe. Nakumbuka niliwaza jambo la kijinga: angalau sikio limebaki.

Nilitakiwa kufanya nini mnajua, hata mtoto anajua. Ningevaa viatu, nikapanda hadi alikopanga chumba, nikamwambia Mama Konso, nimeua picha yako. Sikwenda. Niliogopa uso wake, na niliogopa jina langu. Mama Zaituni asiyeongeza, anayetunza picha za watu, atasemwa mpaka Nyamirambo nzima. Nikainua macho, nikamwona Zaituni wangu amekaa mlangoni anachambua maharage. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa anasikiliza fundi wa kulia akimtania mteja, na mdomo wake umekaa upande, mdomo wa chini umejaa, kama mtu ambaye kicheko kimefika kwenye meno kikasubiri.

Nikachora huo.

Siku mbili nilichora huo. Nikauunganisha na pua ya Konsolata, nikalainisha kidevu, nikaweka kivuli upande wa kulia, na niwaambie ukweli, ni kazi bora kuliko zote nilizofanya. Uso uliokuwa umekunjwa na jua ukafunguka. Zaituni akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, mbona huyu ana mdomo wangu?"

"Chambua maharage."

"Lakini Mama, ni wangu, tazama hapa..."

"Zaituni! Maharage!"

Mama Konso alipokuja nilikuwa nimeshaitia kwenye kadri, fremu nzuri ya mbao nyekundu. Ile picha iliyokufa nilikuwa nimeilaza nyuma, kati ya gunia na ubao, nikapigilia misumari pande zote nne.

Aliitazama, kisha akasogea karibu, akasogea tena, na kidole chake kikawa hewani mbele ya mdomo, hakigusi.

"Macho ni yeye," akasema. "Macho ni yeye kabisa, Mungu wangu. Mdomo... Mdomo ndio huu?"

Nikasema, "Ndio ulio kwenye picha, mama. Picha haidanganyi."

"Mbona kama..."

"Kwenye picha aliubana. Mimi nimeulegeza tu. Ni ule ule."

Akashusha kidole. Akasema taratibu, kama mtu anayejionya, "Basi ni mimi. Nimeshaanza kusahau."

Ninyi vijana, nimeshika brashi miaka mingi na sijawahi kumwibia mteja hata kipande cha gunia. Lakini siku ile nilimwibia mama huyu mdomo wa mwanawe, halafu nikamwachia yeye lawama.

Akauliza, "Na kapicha kako wapi?"

"Nimekafungia nyuma, kasipate unyevu. Usifungue, mama. Hewa itakala."

Alinishukuru. Akavaa viatu, akaibeba kadri kifuani kama mtoto.

Picha ile ndiyo iliyonipa jina. Watu walikwenda kumpa pole na kumpongeza Mama Konso, wakaiona, wakaja kwangu: nichoree mama yangu kama ulivyomchora yule binti, nichoree akiwa anataka kucheka. Nikawa naongeza. Mimi niliyewafukuza watu kwa pua, nikawa nalegeza midomo ya Kigali nzima. Niliwaambia ni mkono, mkono wangu una kipawa cha kuona mtu alivyokuwa ndani. Wengi walifurahi, na wengine walilia vizuri, na sisemi zote zilikuwa uongo, maana wale niliwauliza. Baada ya Konsolata niliuliza kila mtu, na nilisikiliza kwa masikio mawili. Alikuwa anachekaje? Alikuwa anakaaje akikasirika? Mnaonisifu kwa kuuliza kwangu, jueni nilijifunzia wapi.

Adhabu ilikuja kwa miguu yake. Miaka michache baadaye Mama Konso alipita kibandani kunisalimia, akamkuta Zaituni, sasa msichana mkubwa, amesimama mlangoni anacheka na mtu wa pikipiki. Mama Konso akasimama njiani. Kikapu kikamponyoka.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwanangu, Zaituni. Ulimwona alipokuwa mdogo."

"Anafanana na Konso," akasema. "Hapa chini, anafanana na Konso. Hebu cheka tena, mwanangu. Cheka tena nikuone."

Zaituni akanitazama mimi. Nami nikatazama brashi zangu.

Tangu siku hiyo akamfanya wake. Ndizi kutoka shambani kwa shemeji yake, kibuyu cha maziwa, kila sikukuu yetu na kila sikukuu yao. Zaituni alipoolewa, Mama Konso alikaa upande wetu, akamvisha kitenge kipya mbele ya watu, akalia. Nadia alipozaliwa na mdomo ule ule, alimpakata akasema, "Konso huyu, amerudi kwa mlango mwingine." Watu wakasema amina. Zaituni aliniambia jikoni siku ile, sauti ya chini, "Mama, utamwambia lini?" Nikamwambia, "Unataka kumwondolea na hii furaha?" Ulikuwa mdomo wangu uliosema hivyo, na ulisema kama wa mtu mwenye huruma. Huruma ile ilikuwa woga umevaa kanga.

Na sasa Nadia ni mmoja wenu. Mnamjua. Anachora uso wa kijani, jicho moja, halafu mteja analia anasema ndiye mimi wa ndani. Mara ya kwanza nilimwuliza mteja mwenyewe, "Wa ndani sijamwona, lakini wa nje si ana macho mawili?" Mlinicheka sana. Ila nimeona jambo moja. Nadia akimaliza, anamgeuzia mteja picha anasema, hapa nimetia langu, na hapa, na hapa. Mteja akikubali, anakubali anajua. Mimi nilikuwa nachora watu kamili wenye masikio mawili, na sikuwahi kumwambia Mama Konso, hapa ni langu.

Mwezi uliopita, keki yenu hata haijaisha, simu ikalia. Mama Konso mwenyewe. Anaishi Busanza sasa, kwenye zile nyumba za ghorofa, na Feliksi na wajukuu.

"Mama Zaituni, macho yananiaga. Moja limeshakwenda, la pili daktari anasema halina siku nyingi. Kabla halijafunga nataka kukaona kale kapicha kadogo. Nimeona mchoro miaka yote hii mpaka nikifumba macho nauona mchoro. Nataka nimwone yeye mwenyewe. Njoo ufungue, wewe ndiye uliniambia nisifungue."

Nikasema nitakuja Alhamisi. Nikaenda kwa Nadia, nikamweleza yote, mara ya kwanza kwa kinywa changu, ingawa mama yake alikuwa ameshamweleza.

Nadia akasema, "Bibi, karatasi ina sikio na kola. Siku hizi kompyuta inaweza kukujazia uso wote uliobaki, hata hatatambua."

"Nimwongezee uongo wa mashine juu ya uongo wa mkono?"

"Lakini Bibi, kwani ulifanya dhambi gani? Umemchorea mama picha iliyomtuliza. Wewe unaita uongo, mimi naita sanaa."

"Ingekuwa sanaa ningemwambia," nikasema. "Sikumwambia, ni wizi. Nipe koleo ya misumari."

Nadia akanipeleka. Feliksi alitufungulia, akanisaidia kuishusha kadri ukutani, akailaza kwenye meza chini ya dirisha. Mama Konso alikuwa kwenye kiti, ameegemea upande wa jicho lililobaki, amevaa nguo ya misa. Kwa ajili ya kapicha, amevaa nguo ya misa.

"Fungua," akasema. "Polepole."

Sikufungua. Nilipiga magoti, magoti yangu mnayajua, nikaweka mikono kwenye meza, nikamwambia. Penseli, raba, kitambaa, maharage ya Zaituni. Sikupunguza. Nilimwambia, "Ulipouliza kama mdomo ndio huu, ulikuwa umekumbuka vizuri. Aliyekosea ni mimi, nikakwambia umesahau."

Feliksi aligeukia dirisha. Nadia alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika mdomo na ncha ya mtandio, nadhani ili mama huyu asiuone. Mama Konso hakulia, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Miaka yote," akasema. "Nimemwomba Mungu anirudishie mdomo wake hata kwenye ndoto. Kila siku unakuja huu. Na nimempenda Zaituni kwa ajili yake."

"Ndiyo, mama."

"Hilo siwezi kulirudisha, nimeshampenda. Inua mchoro. Nionyeshe ya kwako inaanzia wapi."

Nikaisimamisha kadri kwenye meza, mwanga wa dirisha uiangukie. Kwa kidole nikamfuatishia: paji la uso, la kwake, nyusi, macho, pua mpaka hapa, ya kwake. Kuanzia hapa kushuka ni langu. Akasema mpaka wenyewe hauoni vizuri. Basi nikaweka kiganja, nikafunika sehemu yote niliyoiba, kiganja kimelalia mdomo, vidole vimefika shavuni.

Akasogeza kiti karibu na meza.

Nikatazama na mimi. Juu ya vidole vyangu yalikuwa macho tu. Yale macho niliyoyachora siku ya mvua kabla ya kosa, yamebanwa kidogo na jua, na sasa hayakuwa yamebanwa na jua. Yalikuwa yanacheka. Ndio ule mkono nilioombwa siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi, na mwenye kuomba akanionyesha na mfano. Sikuhitaji picha. Nilihitaji kusikiliza tu, na uso ule ungekuwa wake wote, hakuna hata mstari wangu wa kuficha.

"Nikuchoree mkono pale, mama," nikasema. "Rangi ninayo nyumbani. Siku moja tu."

"Hapana," akasema. "Rangi yako imetosha."

Mkono wangu ulikuwa umeanza kuchoka, mzee ni mzee. Nikataka kuushusha. Mama Konso alikuwa ameinama mbele mpaka uso wake unakaribia kuligusa gunia, jicho moja wazi, na kitu kikamvuta shavu, kidogo, kama mtu ambaye hajui anacheka nini.

"Usiondoe," akasema. "Bado. Usiondoe mkono."